Kitabu cha hadithi kwenye foleni ya chanjo: watu wa Nakuru, Kisumu na magharibi mnaonaje?

#1 MamaMaktaba, Nakuru

Hamjambo nyote. Posti hii ni ndefu, jipatieni chai.

Nasaidia kwenye maktaba ndogo ya kanisa huku Section 58, na kuna jambo limenikaa rohoni. Nyumba nyingi za hapa kwetu, kitabu cha kwanza kuingia kwa ajili ya mtoto ni cha shule, nacho huja na masharti. Usikichore. Usikirarue. Kimefunikwa gazeti na kupigwa muhuri, kikipotea mzazi analipa. Kabla ya hapo nyumbani kuna Biblia au Kurani, kalenda ya duka la mbolea na kile kitabu cha kliniki kinachofichwa chini ya godoro. Cha mtoto mwenyewe hakuna. Anaingia PP1, mwaka wa kwanza wa nasari, na miaka minne, mwalimu anaanza kumwonyesha kitabu kinashikwa upande gani.

Mnakumbuka wale watafiti wa Uwezo walivyokuwa wakizunguka nyumba kwa nyumba kupima watoto? Miaka ile jibu halikubadilika sana: watoto kama watatu kati ya kumi wa darasa la tatu ndio walioweza kazi ya darasa la pili. Mwaka 2015 Tusome, mpango wa serikali wa kufundisha kusoma, ikaanza, kila mtoto wa darasa la kwanza na la pili akapata kitabu chake badala ya watoto wanne kunyang'anyana kimoja, na hali ikasogea. Ila Tusome ilimkuta mtoto ameshafika darasani. Miaka yote ya nyumbani ilikuwa imepita bila kitabu.

Sasa angalieni wenzetu. Dolly Parton, yule mwimbaji ambaye kwa baadhi ya wazee wa huku ni mtu wa Molo kabisa, alianza mwaka 1995 katika kaunti ya kwao, Sevier, jimbo la Tennessee. Kila mtoto anatumiwa kitabu kimoja kila mwezi kwa posta, bure, tangu kuzaliwa hadi atimize miaka mitano. Babake mwenyewe hakujua kusoma wala kuandika. Leo mpango huo uko Marekani, Kanada, Uingereza, Ayalandi na Australia, na vitabu vilivyotolewa vimepita milioni 200.

Kwetu njia ya posta haiendi. Hapa nani huletewa barua mlangoni? Tuna S.L.P. ya shule au ya kanisa, ufunguo anao katibu, na katibu amesafiri. Lakini kuna foleni moja ambayo karibu kila mama hupanga bila kusukumwa: chanjo. Anapozaliwa, wiki ya 6, ya 10, ya 14, miezi 9 ya surua, miezi 18 surua tena. Halafu vitamini A kila baada ya miezi sita mpaka miaka mitano. Kule Boston madaktari wa watoto walianza mwaka 1989 kumpa mtoto kitabu kila anapoletwa kupimwa. Birmingham, Uingereza, mwaka 1992 walianza na watoto 300 tu kupitia wauguzi wa watoto, baadaye ikaenea nchi nzima. Hawakujenga jengo jipya. Walitumia foleni iliyokuwepo.

Basi pendekezo langu ni hili: kitabu kimoja chembamba cha picha mtoto akifika kwa sindano ya miezi 9, cha pili miezi 18, kisha kimoja kila anapopewa vitamini A. Kisiwe cha kuazima. Kiende nyumbani, kiandikwe jina la mtoto, kibaki huko. Nawasubiri hasa manesi na walimu wa nasari.

#2 Boda_wa_Rhonda, Nakuru

Wazo tamu mama, lakini wacha niongee ukweli wa mtaani. Kitabu cha bure kule kwetu kitaishia kwa mama njugu. Karatasi nzuri namna hiyo, rangi juu, kabla mwezi haujaisha umefungiwa njugu ya bob kumi ndani ya picha ya sungura.

#3 MamaMaktaba, Nakuru

😂 Na wewe utasoma picha ya sungura ukila njugu. Baadhi vitapotea hivyo, najua. Hata neti za mbu za bure kuna waliofugia kuku, na hakuna aliyesema basi neti zisitolewe.

#4 NesiWaZamu, Bungoma

Umeita manesi, nimefika. Nimetoka zamu sasa hivi.

Kwanza nikusahihishe kidogo hapo kwa foleni. Foleni ya wiki ya 6 hadi 14 kweli ni ndefu. Miezi 9 wanakuja. Baada ya hapo tunaanza kuhesabu viti vitupu. Mama akishaona mtoto anatembea na ana afya, ile sindano ya miezi 18 anaiona si lazima, na vitamini A ndiyo kabisa. Wengi tunawapata wiki za Malezi Bora, Mei na Novemba, tukizunguka nasari na makanisani. Kwa hiyo mpango wako ukikaa kwenye dawati langu peke yake, utawakosa hasa wale wa miaka miwili na mitatu, na huo ndio umri ambao mtoto anauliza maswali mpaka unakimbilia jikoni.

Ila geuza upande wa pili. Kama mama anajua akija miezi 18 mtoto atatoka na kitabu, huenda atakuja. Hapo hata mimi ninafaidika.

Kinachonitia hofu ni rejista. Kila mradi unaokuja kliniki unakuja na rejista yake, na fomu ya kila mwezi, na mtu wa kupiga simu akiuliza fomu iko wapi. Nina mama arobaini nje, mtoto mmoja analia hadi wote wanalia, na wewe unataka niandike nimetoa vitabu vingapi vya sungura na vingapi vya mamba. Sitaandika, nakuambia mapema. Mkitaka mimi nitoe vitabu, alama iwe ndani ya kile kile kitabu cha kliniki, mstari mmoja pembeni ya chanjo, tiki, basi.

Na pili, wapi pa kuviweka? Stoo yetu ina maji ya dripu mpaka darini.

Ushauri wangu, shirikisheni CHP, wale wahudumu wa afya wa jamii. Tangu 2023 wako kama 100,000 nchi nzima, kila mmoja ana nyumba kama mia anazozitembelea, na anajua mtoto yupi ana miaka miwili na yupi yuko kwa nyanya yake. Kliniki ianze miezi 9, CHP amalizie.

#5 NyarNyalenda, Kisumu

Swali ambalo hakuna ameuliza: vitabu kwa lugha gani?

Maana najua itakavyokuwa. Itatoka kontena, imejaa vitabu vya Kiingereza vya mtoto anayejenga mtu wa theluji na mbwa anayelala kitandani. Hapa Kisumu theluji ni ile ya friji ya samaki. Vinasambazwa, picha zinapigwa, wageni wanaondoka.

Mwanangu ana miaka mitatu. Hapa Nyalenda anaongea Kiswahili na watoto wa ploti, mimi naongea naye Dholuo nikikumbuka na Kiswahili nikikasirika. Tukienda Bondo, danyi (nyanya yake) hamwambii neno lolote la Kiswahili, ni Dholuo kuanzia asubuhi. Sasa mkimpa kitabu kimoja cha Kiingereza, nani atamsomea? Danyi atakitazama na kukirudisha mezani kwa heshima zote.

#6 MwalimuWaPP1, Mumias

Dada NyarNyalenda umegonga penyewe.

Mimi ni mwalimu wa PP1 katika shule ya kijijini, sitaitaja. Watoto wangu wanakuja na Oluwanga safi. Sera iko wazi tangu ripoti ya Gachathi ya 1976: madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule. Mtaala wa CBC nao unasema vivyo hivyo. Kwenye karatasi. Mzazi mwenyewe akija kunitembelea anauliza, "Mwalimu, anaongea Kizungu tayari?" Nikimwimbia mtoto kwa Oluwanga mzazi anaona ada yake inapotea.

Kuhusu vitabu vya kontena, tulipata maboksi miaka ya nyuma. Sikatai, vingine vilikuwa vizuri, vile vya wanyama na vya kuhesabu havina shida, tumbili ni tumbili popote. Lakini vingi vilikuwa vya umri wa miaka kumi na mbili, na kimoja kilikuwa mwongozo wa kukarabati mashine ya kukatia nyasi. Nacho kiliandikwa katika orodha ya vitabu vya watoto vilivyopokelewa!

Sasa jambo ambalo wengi hawajui. Kuna African Storybook, ilianzishwa Afrika Kusini mwaka 2014, na hadithi zake ziko mtandaoni kwa lugha nyingi za Afrika. Kiswahili zimejaa. Kwa upande wetu utapata Lubukusu, Oluwanga, Lumarachi, na ng'ambo hiyo Dholuo. Nyingi zina leseni inayokuruhusu kuchapa na kugawa bila kumlipa mtu, mradi umtaje mwandishi na mchoraji. Unaweza hata kutafsiri mwenyewe. Nimechapa chache kwa karatasi za A4, nyeusi na nyeupe, nikatoboa na kufunga kwa uzi wa gunia. Watoto wanazipigania. Mtoto akisikia jina la ndege anayemjua kwao, kwa lugha ya nyumbani, darasa zima linapiga kelele. Huwezi kupata kelele hiyo kwa mtu wa theluji.

#7 Kimya_Kingi, Eldoret

Nafuatilia.

#8 Mlipa_Kodi, Kakamega

Samahani niwe mbaya kidogo. Watoto wanalala njaa. Bei ya unga mnaijua. Kuna akina mama hapa Kakamega wanauza kuni kupata mlo mmoja. Halafu tuwape kitabu? Tushughulike na tumbo kwanza, hadithi zitafuata.

Na kama ni lazima, hii ni kazi ya kaunti. Katiba ya 2010 iliweka nasari chini ya kaunti, na maktaba za kaunti pia. Kwa nini raia wachangie kitu ambacho tayari tumelipia kodi?

#9 MamaMaktaba, Nakuru

@Mlipa_Kodi, la kaunti nakubaliana nawe na nitalirudia chini. La tumbo kwanza silikubali, kwa sababu silioni likitokea. Hakuna siku ambayo mtu atatangaza njaa imekwisha, sasa leteni vitabu. Mtoto anatimiza miaka mitano hata kama unga haujashuka. Kisha hawa watoto wako kliniki tayari, wanapimwa uzito pale pale. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa mwongozo wao wa malezi mwaka 2018, wakaweka mambo matano pamoja: afya, lishe, usalama, ulezi wa kujali na nafasi ya kujifunza mapema. Hawakusema uyashughulikie moja moja kwa zamu.

Mwalimu, asante sana kwa habari za hizo hadithi. Nimezifungua usiku huu. Nimelala saa nane.

#10 Guku_wa_Vihiga

Mulembe. Ninayeandika ni mjukuu wa form three, guku (nyanya yangu) ananiambia na mimi naandika vile anasema.

Mimi nalea wajukuu watatu, wazazi wao wako Nairobi kazini. Mdogo ana miaka miwili na nusu. Mimi niliishia darasa la pili, nikaolewa. Jina langu najua kuliandika, ya simu najua. Kitabu siwezi kusoma. Sasa mnataka nipewe kitabu kliniki, na kliniki ni mimi ninayempeleka huyu mtoto, si mama yake. Nesi akinipa nitaona haya kumwambia sijui kusoma. Nitakiweka kabatini pamoja na sahani za wageni kiwe safi. Mama yake akija Desemba atakikuta kipya.

Nauliza tu, watu kama mimi mmetufikiria?

#11 NyarNyalenda, Kisumu

Guku, hilo ndilo swali la uzi wote.

#12 Mwanafunzi_wa_Maseno

Mulembe guku. Naomba nijibu kwa sababu hili tumelisoma, na majibu yake yametoka huku huku kwetu.

Kuna utafiti uliofanywa katika vijiji vya magharibi mwa Kenya, ukachapishwa mwaka 2020, wa Heather Knauer na wenzake. Walitunga vitabu vya picha vinavyofanana na maisha ya hapa na kwa lugha inayoeleweka, wakavigawa kwa familia za watoto wadogo. Kundi moja wakapewa vitabu. Wengine wakapewa vitabu pamoja na mafunzo mafupi ya namna ya kukaa na mtoto na kitabu. Yaani usimsomee tu huku yeye amenyamaza. Muulize, msubiri ajibu, ongeza juu ya alichosema.

Waliopata vitabu na mafunzo, watoto wao walijua kuyataja maneno ya vitabu hivyo vizuri zaidi. Na hapa ndipo panakuhusu guku: watoto ambao walezi wao hawajui kusoma walifaidika angalau sawa na wale wa walezi wanaojua. Si kwamba walibaki nyuma kidogo. Sawa.

Sababu si ya ajabu. Kwa mtoto wa miaka miwili, kitu kinachofanya kazi ni mazungumzo. Kitabu kinawapa wawili kitu kimoja cha kutazama na cha kubishania. Herufi zitakuja baadaye, zina mwalimu wake.

Kwa hiyo mimi ningesema pesa zikiwa chache, punguzeni idadi ya vitabu kuliko kufuta yale mafunzo.

#13 Boda_wa_Rhonda, Nakuru

Hapo sasa mmenishika. Mimi nilikuwa napinga nikifikiri mnataka nirudi usiku nimechoka nianze kusoma kurasa thelathini kwa tochi ya simu.

Swali langu la ukweli, msinicheke. Kijana wangu ana mwaka mmoja na miezi minne. Ukimpa kitu anaweka mdomoni. Huyo unaongea naye nini na kitabu?

#14 NyarNyalenda, Kisumu

Omera hakuna wa kukucheka, wanaume wanaouliza swali hilo ni wachache.

Kwanza mwache akitafune. Kitakuwa na mate, si neno. Ndiyo maana vya umri huo huchapwa kwenye karatasi ngumu, na ndiyo maana pia ni ghali na ni shida kupata vya Kiswahili. Ukikosa, chapa ukurasa mmoja na uulamineti pale kwa cyber.

Kisha usianze mwanzo. Atafungua katikati, kichwa chini, ni sawa. Akigusa picha, taja: "Kuku." Nyamaza. Wengi wetu hapo ndipo tunaharibu, hatunyamazi. Mpe muda, hesabu mpaka tano moyoni. Akisema "ku", wewe ongeza: "Ndiyo, kuku. Kuku mwekundu. Kuku wa danyi." Kesho tena, ukurasa ule ule. Wao hawachoki kurudia, ni wewe utachoka. Akifika miaka mitatu, unauliza "Huyu anafanya nini? Kwa nini amekasirika? Wewe ungefanyaje?" Jibu lolote ni sahihi. Akisema fisi amekasirika kwa sababu amenyimwa chapati, mnaendelea na chapati.

Dakika tano zinatosha, hata ukiwa umekaa kwa pikipiki unangoja mama avae kiatu.

Na guku, wewe haya yote unayajua kuliko mimi. Danyi zetu walituweka siwindhe, nyumbani mwao, jioni wakatupigia sigana, tukiulizwa maswali katikati ya hadithi, aliyesinzia anatajwa jina. Hakuna aliyekuwa na kitabu. Kitabu cha picha ukikishika, hadithi itunge mwenyewe. Kilichoandikwa chini ya picha ni hadithi ya mtu mwingine, yako inaweza kuwa tamu zaidi.

#15 Guku_wa_Vihiga

Guku anacheka. Anasema hadithi ya fisi anazo nyingi, shida ni huyu mdogo anaogopa fisi. Anauliza kama anaweza kupata yenye sungura.

#16 MzeeInama, Nakuru

Nauza vitabu vya inama, vile vya kutandazwa chini, mjini Nakuru tangu kabla haijawa jiji. Sina neno na ukarimu wenu, lakini na mimi niseme.

Kila mtu akiongelea vitabu vya bure, mwuza vitabu anakaa kimya aonekane mwema. Mimi sikai kimya. Vitabu vya watoto vya Kiswahili vinakaa kwangu mpaka vinageuka rangi. Wazazi wananunua vya shule Januari, wanabishana bei, wanaenda. Tangu sheria ya VAT ya 2013 vitabu vilitozwa asilimia 16, na nani aliumia? Ni wale wa chini kabisa, sisi na nyinyi. Mchapishaji naye anaona vya hadithi havitoki, anachapa vichache, vikiwa vichache bei inapanda, bei ikipanda havitoki.

Sasa mkija na vya bure kwa kila mtoto, je, mzazi aliyekuwa anaanza kunitazama si atanipita?

#17 Mwanafunzi_wa_Maseno

Mzee, swali la haki. Mimi naona kinyume chake lakini sina ushahidi wa Nakuru. Hawa wa miezi 9 hawajawahi kuwa wateja wako. Mtoto aliyekulia na vitabu vinne vyake nyumbani, akifika miaka sita, ndiye atakayemvuta mamake mkono akipita mbele ya turubai lako. Leo anavutwa na nini?

#18 MzeeInama, Nakuru

Anavutwa na yule wa kando yangu anayeuza chupa za kumwaga mapovu. 😄

Sawa. Basi nipeni sharti moja. Mkinunua, nunueni sehemu hapa hapa kwa wauzaji wadogo. Msiagize vyote Nairobi.

#19 MpigaChapa, Nakuru

Nimeuona huu uzi nikiwa kazini, naweza kusaidia kwa hesabu.

Mnaotaka kuchapa zile hadithi za bure, eleweni gharama inakaa wapi. Ukichapa kwa pleti (bamba la kuchapia), kitabu cha rangi kinahitaji rangi nne, na kila rangi pleti yake. Pleti hizo na muda wa kupanga mashine utazilipia ukitaka nakala mia au elfu tano, ni sawa. Kwa hiyo nakala mia kila moja itakuuma, nakala elfu tano kila moja inakuwa nafuu sana, unabaki kulipia karatasi na wino. Mkiwa na nakala chini ya mia tano hivi, msije kwa pleti, tumieni mashine ya dijitali.

La pili, idadi ya kurasa. Karatasi inakunjwa, kwa hiyo kurasa lazima zigawanyike kwa nne. Mtu akiniletea hadithi ya kurasa 14 analipia 16 na mbili zinabaki tupu. Kurasa 16 pamoja na jalada, pini mbili katikati, inatosha kabisa kwa mtoto. Hizo mbili za mwisho msiziache wazi, wekeni mambo ya mlezi: yale NyarNyalenda amesema, taja, nyamaza, ongeza. Kwa picha, siyo maandishi, guku azione.

La tatu, na hili ndilo litawaokoa: unganisheni oda. Kisumu, Mumias na Nakuru mkichapa picha zile zile, rangi tatu za picha zinabaki zile zile kwa wote. Maneno yote yawekwe kwenye pleti ya weusi peke yake. Nikimaliza nakala za Kiswahili nabadilisha pleti moja tu, naendelea na Dholuo. Nikimaliza, Oluwanga. Kwa hiyo swali lenu la lugha si ghali vile mnafikiri, ila mwambieni mchoraji asiweke maandishi ya rangi wala maneno ndani ya picha.

#20 MwalimuWaPP1, Mumias

Wah. Hilo la pleti ya weusi sikulijua. Mimi nilikuwa nimeshakata tamaa kwamba Oluwanga itasahaulika kwa sababu tuko wachache.

#21 Mlipa_Kodi, Kakamega

Mimi bado nashikilia la kaunti. Mkianza kwa michango, afisa ataona raia wanajifanyia, ataondoa mikono. Tumeona kwa madaraja. Maktaba ya umma iko Kakamega, iko Kisumu, iko Nakuru. Kwa nini hivyo vitabu visiwekwe huko watoto waende?

#22 MamaMaktaba, Nakuru

Kaka, nafanya kazi maktabani, naipenda maktaba kuliko unavyodhani. Ila pima mwenyewe: mama wa Kaptembwo mwenye mtoto wa mwaka mmoja mgongoni, apande matatu mpaka mjini, anyamazishe mtoto ndani ya maktaba, akiazima kitabu aogope kitararukia mikononi mwake. Hataenda. Kule Garissa maktaba ya taifa iliona tangu 1996 kwamba watu hawafiki, ikapakia vitabu kwenye ngamia ikawafuata. Maktaba ina kazi yake kwa mtoto wa miaka sita na kuendelea. Huyu mdogo anataka kitabu anachoweza kukirarua bila mtu kupigwa faini, na kukiomba kile kile kila usiku wiki nzima. Cha kuazima hakiwezi hayo.

Ila kuhusu kaunti nimekuelewa, na nakubali tusianze kwa mchango wa kudumu. Tuchape awamu moja, kliniki chache, ili tukienda mbele ya bunge la kaunti wakati wa kupokea maoni ya bajeti tuwe na kitu mkononi cha kuwaonyesha. Kikao cha maoni ya wananchi huwa kinatangazwa, na wanaofika ni wale wa barabara na wa maji. Wa nasari sijawahi kuwaona. Utakuja useme? Wewe una mdomo.

#23 Mlipa_Kodi, Kakamega

Nitakuja. Mdomo kweli ninao. Lakini wa Kakamega nitausemea Kakamega, huko Nakuru mjisemee.

#24 Boda_wa_Rhonda, Nakuru

Mimi pesa sina lakini pikipiki iko. Maboksi ya kutoka kwa mpiga chapa mpaka kliniki za upande huu wa Rhonda na Kaptembwo nitabeba, mafuta mchangiane. Na steji yetu tuko wababa wengi wa watoto wadogo. Nikiwaonyesha hiyo ya kutaja na kunyamaza watanicheka wiki moja, halafu wataanza.

#25 MamaMaktaba, Nakuru

Asante baba. Basi tulipofika: mwalimu anachagua hadithi nne zenye picha nzuri na maneno machache, moja iwe ya sungura. NyarNyalenda anatazama Dholuo, na aweke mtu wa pili kumkosoa. MpigaChapa anatupa bei ya nakala elfu moja na ya elfu tatu, tuone tofauti. Kiswahili kiwe cha Nakuru na cha miji yote. Mzee Inama atatuuzia vile vya karatasi ngumu kwa vichache tutakavyoweza.

NesiWaZamu, tukitaka kuanza na kliniki yenu pia, tuje siku gani tumwone msimamizi?

#26 NesiWaZamu, Bungoma

Msije Jumatatu, Jumatatu ni kila mtu na kila ugonjwa. Njooni Alhamisi baada ya saa nane, foleni ikiwa imepungua. Mje na barua, mje na kitabu kimoja kilichokwisha kuchapwa, si picha kwa simu. Msimamizi wetu ni mtu wa kushika kitu. Na ile habari ya kupeleka barua kwanza makao makuu ya afya ya kaunti mfanye sasa, inachukua muda.

Halafu narudia: tiki moja. Mkileta rejista nitawafungia mlango.